Kisanduku Kisimame

Ulaanbaatar, Februari, digrii thelathini chini ya sifuri.
Moshi wa makaa umeyalalia madirisha ya ghorofa ya saba
na mimi, Nomuundari, nagombana na kisanduku.
Si cha kubeba. Ni kile cha kwenye skrini,
mpaka mwembamba wa kijivu, pembe zimeviringwa pikseli nne,
kinachosema: andika jina la mtoto.

Maandishi yetu ya kale hayalali.
Hushuka,
herufi zimeshikana kwenye uti mmoja wa mgongo,
safu kwa safu, kushoto kwenda kulia.
Lakini kivinjari kilizaliwa chali,
kila kisanduku kwake ni kitanda.

Juzi Khorloo wa ofisi ya vizazi alinipigia:
"Shingo, dada! Tangu Jumatatu nasoma majina
kama kuku anayemvizia mwewe.
Leo nimebandika plasta ya dawa,
na foleni nzima mbele yangu imelaza vichwa begani."

Nikakigeuza nyuzi tisini.
Kikasimama, naam, kama godoro lililoegemezwa ukutani:
kimekanyaga jina la baba,
kimeziba kitufe cha kuhifadhi,
na mahali kilipokuwa kimelala
pamebaki pengo lenye umbo lake.
Bonyeza mshale wa chini, kiashiria hakitii.
Bonyeza wa kulia, ndipo kinashuka.
Nani atamweleza hayo baba aliyekesha hospitali?

Nikaazima msimbo wa Haruto, wa Osaka.
Mzuri, umepigwa pasi.
Ila kwao safu ya kwanza hukaa kulia;
maelezo ya mkunga yakaanza mwishoni
yakaja kinyumenyume, kama mtu anayetoka msibani
asitake kuupa mgongo mlango.

Saa nane usiku chai yangu ya chumvi imeganda utando.
Nafuta mzunguko wote. Naandika mstari mmoja tu:
mwelekeo, wima, kutoka kushoto.
Basi.
Kisanduku kinaamka bila kushikwa mkono,
kinasukuma jirani zake kwa adabu, wanampisha.
Kile nilichokiita upana sasa ni kimo,
kwa hiyo nafuta na hilo neno, naweka kipimo
kisichouliza juu ni wapi.
Kiashiria, kilichokuwa fimbo, sasa ni kizingiti,
kijistari kilicholala, kinapepesa,
kinangoja mtu avuke.

Halafu uroho wa urembo: nikaongeza nafasi kati ya herufi,
pikseli mbili tu, zipumue.
Uti ukakatika.
Jina likawa mifupa juu ya meza.
Nikarudisha sifuri, nikaomba radhi kwa sauti
(paka pekee alisikia).

La mwisho lilikuwa la majaribio.
Nijaze jina gani? Nikajaribu langu.
Vidole vikasimama kwenye kibodi.
Shuleni tulifundishwa kwa saa moja kila wiki,
Ijumaa, baada ya mazoezi ya viungo,
na ile irabu ya katikati mimi huikosea.
Nimeijenga nyumba, ufunguo sijui unazungushwaje.
Nikampigia shangazi yangu Dulamsüren, usingizini.
"Tumbo kwanza," akasema, "kisha mkia,
na usiniamshe tena kwa ajili ya mkia."

Asubuhi nikaenda mwenyewe kaunta namba mbili.
Dereva wa lori la makaa, kucha nyeusi, jina Battsooj,
anaandikisha binti wa siku tano.
Anaandika kwa kidole kimoja. Jina ni refu,
la bibi wawili waliounganishwa ili pasiwe na ugomvi,
nalo linashuka, linashuka,
kisanduku kinarefuka nalo kadiri linavyohitaji,
karibu kugusa ukingo wa skrini, halafu linaishia
kwa mkia mdogo uliopinda.

Battsooj hakusema kitu. Alitazama juu hadi chini, mara mbili.
Khorloo akagonga muhuri, akaita anayefuata,
kichwa chake kimenyooka,
plasta bado ipo shingoni,
ameisahau.